Ndiyo Thelathini na Moja

Tseng Wan-jou aliweka karatasi kumi na nne mezani kwangu kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Mwalimu, naomba unikagulie lugha tu. Natuma leo, mwisho ni saa kumi na moja jioni."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Wenzake walishatoka darasani, isipokuwa Fang Po-jui, mdogo wake wa maabara, ambaye alikuwa amejilaza juu ya viti viwili akinyonya chai ya maziwa kwa mrija mnene.

Mimi si daktari wa chochote. Nina stashahada ya uandishi wa habari, na niliandikia gazeti la wafugaji wa samaki wa Tainan kwa miaka sita kabla chuo hakijanichukua niwafundishe wanafunzi wa uzamivu kuandika makala na kueleza utafiti wao mbele za watu. Siku ya kwanza kabisa kijana mmoja aliniuliza shahada yangu ya uzamivu niliipatia wapi. Nikamwambia sina, na kwa hiyo nikisoma kazi yake nisiielewe, ajue wasomaji wengi nao wataishia pale pale nilipoishia. Hakuniuliza tena.

Nikaanza kusoma karatasi za Wan-jou. Yalikuwa majibu kwa wahakiki wa jarida, watu wawili wasiotajwa majina waliosoma makala yake na kuorodhesha kila walichokiona kina kasoro. Hoja thelathini na moja. Chini ya kila hoja Wan-jou alikuwa ameandika jibu lake.

Hoja ya kwanza: *Tunamshukuru mhakiki. Tumekubali. Tumerekebisha.*

Hoja ya pili: *Tunamshukuru mhakiki. Tumekubali. Tumerekebisha.*

Nikafunua ukurasa, nikafunua mwingine. Tumekubali, tumekubali, tumekubali. Nikafika hoja ya kumi na tisa, ya mhakiki wa pili: *Tunamshukuru mhakiki. Tumekubali. Sehemu ya nne tumeiondoa.*

"Wan-jou, sehemu ya nne ilikuwa na nini?"

Akatazama viatu vyake. "Matokeo, Mwalimu."

"Matokeo yapi?"

"Yale… yenyewe."

Po-jui aliacha mrija. "Dada, umefuta matokeo? Si ungefuta na jina lako kabisa ukapumzike!"

"Wewe kunywa chai yako."

"Na baada ya kufuta, makala inasema nini?" nikauliza.

Wan-jou akafikiri. Ni mtu mkweli, hata akiwa anajiumiza. "Inasema baridi kali huua samaki wa mwatiko."

"Hilo hata bibi yangu analijua," Po-jui akasema, "na bibi yangu anaogopa samaki."

Nilitaka kucheka lakini uso wa Wan-jou ulinizuia. Alikuwa mwaka wa saba, na mwaka wa saba ndio mwisho. Baada ya hapo chuo kinakufungia faili. Idara yake haimruhusu mtu kutetea tasnifu kabla jarida halijakubali walau makala moja. Hii ndiyo ilikuwa makala yake, na ilikuwa Mei. Jarida likiikataa, kuanza upya kwingine ni miezi sita asiyokuwa nayo.

"Msimamizi wangu, Profesa Hsiao, alisema nikubali yote," akasema kwa sauti ndogo. "Anadhani mhakiki wa pili ni mwalimu wake wa zamani. Anasema uandishi ule anaufahamu. Mwalimu wa mwalimu wangu akisema ondoa, mimi ni nani nisiondoe? Nikikubali yote, itapita."

Na huenda ingepita kweli. Hicho ndicho kilichoniuma. Ingepita, angepata shahada yake, na mtu yeyote asingejua alichokigundua.

"Haya, lugha nitakukagulia," nikamwambia. "Lakini kuna zoezi moja umelikwepa muhula mzima. Twende kwa Shangazi."

Akawa mweupe kama tofu. "Leo, Mwalimu? Leo hii?"

"Sasa hivi."

Shangazi A-luan ndiye mwenye kibanda cha uji wa mchele na mwatiko nyuma ya maabara ya viumbe wa majini. Alfajiri anauza uji. Kuanzia saa nne anakaa kwenye kigoda akisafisha samaki wa supu ya mchana, akiwang'oa miiba kwa koleo dogo, mmoja mmoja, haraka kuliko mimi ninavyochapa. Mtihani wangu ni huu: mwanafunzi anasimama mbele yake na kumweleza utafiti wake kwa dakika tatu. Shangazi haachi kazi. Akiinua macho kutoka kwa samaki, umefaulu. Asipoinua, unarudi wiki ijayo. Daktari mmoja mtarajiwa wa hesabu amerudi mara tano, na sasa Shangazi akimwona anamtengea bakuli kwa huruma.

Tulimkuta na beseni limejaa. "Mwalimu, umeniletea nani tena? Yule wa hesabu?"

"Huyu ni wa samaki, Shangazi."

"Wa samaki!" Hakuinua macho. "Mwaka wote umeniletea watu wa nyota na watu wa betri, leo ndio wa samaki? Haya mwanangu, sema. Mimi nasikiliza kwa masikio, mikono haihusiki."

Wan-jou akashika mikono nyuma kama mtoto anayesoma shairi shuleni. Akaanza na wimbi la baridi linaloshuka kutoka kaskazini, na historia ya ufugaji, na jinsi vipimajoto vinavyowekwa. Koleo lilikuwa linakwenda. Tik, tik, tik. Dakika moja ikapita. Po-jui akaanza kupiga miayo waziwazi, mshenzi yule.

"Dada," akasema, "mwambie kuhusu siku ya tatu."

Wan-jou akamkazia jicho. Kisha akashusha mikono.

"Shangazi, watu wanasema samaki wanakufa usiku ule wa baridi kali. Si kweli. Kwenye mabwawa niliyoyafuata, walikuwa hai usiku ule. Wamelegea, wamekaa chini, lakini hai. Walikufa siku ya tatu, jua liliporudi."

Tik. Tik.

"Kwa sababu jua likirudi, mwenye bwawa anawaonea huruma. Anasema hawa hawajala siku mbili, masikini. Anawamwagia chakula. Na samaki tumbo lake bado lina baridi, halisagi kitu. Anakula kwa uroho, chakula kinamwozea ndani, anakufa. Tumewaua sisi kwa huruma, Shangazi. Baridi ilikuwa imeshapita."

Koleo likasimama. Shangazi A-luan akainua macho.

Po-jui akanyanyua mikono yote miwili kama timu yake imefunga bao. Lakini Shangazi hakuwa amemaliza. Alimtazama Wan-jou kwa jicho lile analomtazamia muuza samaki anayedai samaki ni wa leo.

"Subiri. Mimi nimezaliwa kando ya bwawa, usinichezee. Samaki akifa kwenye maji baridi si anazama kwanza? Anakaa chini siku mbili, tatu, tumbo likijaa hewa ndio anaelea. Sasa wewe umewaona wameelea siku ya tatu, ukasema wamekufa siku ya tatu. Utajuaje hawakufa siku ya kwanza wakalala huko chini?"

Wan-jou alijibu kabla sijavuta pumzi. Hakuinama wala hakushukuru.

"Kwa sababu nilipita chini na wavu, Shangazi. Kila asubuhi, siku sita, mabwawa kumi na mawili. Nilivaa suruali ya mpira mpaka kifuani nikakokota wavu sakafuni, kutoka ukingo mpaka ukingo. Asubuhi ya kwanza maji yalikuwa nyuzijoto tisa, suruali ikavuja, sikuhisi miguu mpaka mchana. Wavu ulitoka mtupu. Asubuhi ya pili, wawili. Siku ya tatu asubuhi, mmoja. Mchana ule wakalishwa. Asubuhi ya nne sikuweza kuuinua ule wavu peke yangu. Nilimwita Mzee Hung anisaidie, na Mzee Hung akalia."

"Yakawa kumi na mawili yote hivyo?"

"Hapana. Saba. Matano ni ya Mzee Hung mwenyewe, na yeye hakulisha, lori lake la chakula lilikuwa limeharibika. Kwenye matano yake walikufa kumi na mmoja tu. Alikuwa anawalilia wa jirani."

Shangazi akaweka koleo chini kabisa. "Mama yangu," akasema. "Yaani ubovu wa lori ndio ulimwokoa."

Zile karatasi nilikuwa nimezishika. Nikafunua hoja ya kumi na tisa na kuisoma kwa sauti, maneno ya mhakiki wenyewe, ambayo mpaka wakati ule nilikuwa nimeyapita haraka kwa sababu ya hasira:

"*Samaki aliyekufa katika maji baridi huzama, na huelea baada ya siku kadhaa. Waandishi hawaonyeshi kwamba vifo vilitokea siku ya tatu na si siku ya kwanza. Hawawezi kubakiza sehemu ya nne bila kuonyesha hilo.*"

Paka wa Shangazi alitumia nafasi ile kuiba kichwa cha samaki.

"Ni swali langu," Shangazi akasema. "Huyo bwana kauliza nilichouliza mimi. Mbona mimi umenijibu?"

Wan-jou akanigeukia.

"Anaomba ushahidi," nikamwambia. "Wewe umesikia amri. Wan-jou, habari za wavu ziko wapi kwenye makala? Kwenye karatasi hizi sijauona wavu."

"Haumo."

"Kwa nini haumo?"

"Makala ni ya vipimajoto, Mwalimu. Profesa aliandika hivyo kwenye mpango. Wavu nilikokota kwa hiari yangu, hakuna aliyenituma. Kuandika kwamba nilisimama kwenye maji ya baridi siku sita… ingeonekana najisifu."

Nimeishi Tainan maisha yangu yote na bado jambo hili linaniua. Msichana anaingia kwenye maji ya nyuzijoto tisa, analeta kitu ambacho hakuna mwingine anacho, halafu anakificha kwa adabu!

"Umeandika popote?"

"Kwenye daftari. Droo ya chini, maabara. Kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu linanuka."

Po-jui alishaanza kukimbia. Alirudi baada ya robo saa akiwa amelishika mbali na pua yake kama mtu anayebeba nepi. Kurasa zilikuwa zimekauka kama magome, wino umetawanyika, lakini zilisomeka: siku, bwawa, saa, joto, idadi. Mistari sabini na miwili, hakuna hata mmoja uliorukwa. Pembeni mwa asubuhi ya nne palikuwa na alama ya kiganja cha tope.

Tulikaa pale pale kwenye meza ya Shangazi. Po-jui alisoma kwa sauti, Wan-jou akaingiza kwenye kompyuta, mimi nikahakiki namba mara ya pili. Shangazi alituletea supu bila kuulizwa na akawa anawafukuza wateja: "Meza imejaa. Kaa kule. Hapa kuna kazi." Saa nane Wan-jou alichora mchoro wake: mistari miwili, mmoja wa mabwawa yaliyolishwa, mmoja wa yale matano. Ilikwenda pamoja, chini, chini, ikalala, halafu siku ya nne mmoja ukapanda kama ukuta. Po-jui aliutazama kwa muda mrefu bila utani hata mmoja.

Halafu tukaandika jibu, na tukagombana.

Aliandika: *Tunaomba radhi sana kwa mhakiki mheshimiwa kwa kumsumbua na upungufu wetu mkubwa.*

"Futa," nikasema.

"Mwalimu, huwezi kuanza tu hivi hivi!"

"Mshukuru mara moja. Ukimshukuru mara kumi ataanza kutafuta ulichomficha."

"Lakini kama ni mwalimu wa Profesa…"

"Hata kama ni mwalimu wa Konfusio mwenyewe. Kauliza. Ulipomjibu Shangazi ulianzaje?"

"Nilisema, kwa sababu nilipita chini na wavu."

"Basi."

Akaweka vidole juu ya kompyuta. Kisha akaandika mwenyewe, bila mimi kugusa hata neno: *Tunamshukuru mhakiki kwa swali ambalo makala yetu ilipaswa kulijibu tangu mwanzo. Samaki waliokufa tuliwahesabu kutoka sakafuni mwa bwawa kila asubuhi kwa siku sita, kwa kukokota wavu. Hesabu hizo sasa tumeziweka katika jedwali jipya na mchoro mpya. Kwa sababu hiyo, sehemu ya nne hatujaiondoa.*

Alipofika "hatujaiondoa" Po-jui akampigia meza ngoma.

Zile hoja nyingine thelathini tulizipitia upya. Ishirini na nane zilistahili ndiyo yake. Mhakiki wa pili alikuwa na macho makali, na mara mbili alikuwa amemwokoa na makosa ya aibu. Mbili tulizijibu kwa maelezo mafupi. Saa kumi na dakika kumi kila kitu kilikuwa tayari, isipokuwa Profesa Hsiao. Jina lake lilikuwa kwenye makala. Bila ruhusa yake hakitumwi kitu.

Alikuwa kwenye treni ya kasi akirudi kutoka Taipei. Wan-jou aliweka simu mezani ili sote tusikie, na hiyo peke yake ilinionyesha kwamba kuna kitu kimebadilika ndani yake.

"Umeshatuma?" Profesa akauliza.

"Bado, Profesa. Nimebadilisha jibu la kumi na tisa. Sehemu ya nne imerudi."

Simu ikakwaruza, treni iliingia kwenye handaki. Tukasubiri. Po-jui alikuwa anauma kucha za mikono yote miwili.

"…nilikuambia ukubali yote! Unajua huyo anaweza kuwa nani?"

"Najua, Profesa. Kama ndiye yeye, atataka kujua kwamba wavu ulipita."

"Wavu gani?"

Akamweleza. Namsikia mpaka leo, sauti ile ile aliyomjibia Shangazi, namba baada ya namba, mabwawa saba, mabwawa matano, lori.

"Ulipitisha saa ngapi?" Profesa akauliza.

"Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kabla wenye mabwawa hawajafika. Kila siku saa ile ile."

"Sakafu yote?"

"Yote."

"Miezi kumi na sita hii, kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Profesa."

Shangazi A-luan akajifunika mdomo kwa mkono wenye magamba ya samaki. Mimi nilifumba macho. Hapa kwetu mwanafunzi hamwambii profesa wake hivyo; anasema kosa ni lake, anaomba radhi, na mambo yanaendelea.

Treni ikaingia handaki jingine. Saa ya ukutani ilikuwa imefika kumi na nusu. Wan-jou hakuiondoa simu wala hakupiga upya. Alisubiri ameikodolea macho.

"…huko? Unanisikia?"

"Nakusikia, Profesa."

"Nimesema, nitumie huo mchoro niuone."

Akamtumia. Dakika tatu. Dakika nne. Po-jui alisimama, akazunguka meza, akakaa, akasimama. Kisha sauti ya Profesa ikarudi, na ilikuwa sauti ya mtu mwingine, ya kijana kabisa.

"Huu mstari umepanda hivi kweli? Hujakosea vipimo vya mchoro?"

"Haujakosewa. Daftari ninalo hapa."

"Mchoro huu uweke wa kwanza. Usiwe wa sita, uwe wa kwanza. Na tuma. Tuma sasa hivi, unangoja nini, tuma!"

Kubadilisha namba za michoro sita ni kazi ya kuchosha roho, na jarida lilikataa faili mara mbili kwa sababu jina la faili lilikuwa refu. Saa kumi na moja kasoro dakika saba kioo cha kompyuta kikaandika kwamba imepokelewa. Po-jui alipiga yowe hadi wanafunzi wa jengo la pili wakatoa vichwa madirishani. Wan-jou hakupiga yowe. Alikaa chini kwenye kigoda cha Shangazi, akacheka peke yake, kicheko kirefu kisicho na adabu hata kidogo.

Wiki tatu zilizofuata alikuwa mgonjwa wa barua pepe. Alikuwa ameweka rehani shahada yake kwa neno moja la hapana, na kila mtu maabara alilijua hilo. Wengine walianza kuzungumza naye taratibu kama anayeumwa. Nami usingizi ulinipaa. Kama wangekataa, mimi ndiye niliyempeleka kwa Shangazi.

Jibu lilikuja Jumatano, katikati ya darasa langu. Simu yake ikatetemeka, akaitazama, akasimama bila kuomba ruhusa.

"Soma," nikamwambia. "Kwa sauti, kama ulivyofundishwa."

Mhakiki wa kwanza alikuwa ameridhika. Mhariri alikuwa na maneno yake ya mhariri. Kisha mhakiki wa pili. Wan-jou akavuta pumzi.

"*Bado sijashawishika kwamba chakula ndicho chanzo pekee cha vifo hivi. Lakini sasa naweza kubishana na waandishi kwa kutumia takwimu zao wenyewe, jambo ambalo mwanzoni halikuwezekana. Nilidhani wamekisia, kumbe waliingia majini. Makala ichapishwe.*"

Darasa lililipuka. Viti vilianguka. Yule kijana wa hesabu alikuwa anakumbatia watu asiowajua. Wan-jou alisimama katikati na simu kifuani, macho yamemtoka.

"Mwalimu, hajakubali!" akapaza sauti, na furaha ilikuwa imemjaa usoni. "Umesikia? Hajakubali bado! Anataka kubishana na mimi!"

"Utamfanya nini?"

"Nitarudi majini Januari. Mabwawa ishirini. Nusu walishe, nusu wasilishe, tuone!"

"Tetea tasnifu kwanza, dada," mtu akamwambia.

Ilinichukua dakika kumi kuwarudisha kwenye viti. Nilipogeuka kufuta ubao, Po-jui alikuwa amesimama mezani kwangu, ameshika barua ya jarida kuhusu makala yake mwenyewe, kifua mbele.

"Mwalimu, na mimi sikubali. Mhakiki wangu ni mjinga. Hoja zote kumi na saba nataka nimjibu hapana."

"Keti, Po-jui," nikasema, nikivuta kiti. "Lete tusome hoja ya kwanza. Kati yenu mjinga mmoja yupo, na bado hatujamjua ni nani."